Alhamisi za Anwani Mpya

Programu ya kwanza niliyoandika na ikafanya kazi bila kunitukana ilikuwa na swali moja tu: hii nyumba ya mama, huko nje inaonekana kwa anwani gani? Niliiandika nikiwa mwaka wa mwisho wa masomo ya jioni hapa Arusha, nikitoka kazini na harufu ya mabomba ya plastiki mwilini. Siku ilipojibu sawasawa nilipiga kelele chumbani kwangu Lemara mpaka mama mwenye nyumba akadhani nimepata mchumba. Sikumkatalia. Furaha ilikuwa ileile.

Nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe nilieleweshwa mpaka mwalimu akaota mvi. Kompyuta iliyoko nyumbani ukiiuliza anwani yake, inakutajia ile ya ndani, ambayo ruta imeigawia palepale sebuleni. Ni kama jina la utani la nyumbani: ukilitumia stendi hakuna anayegeuka. Anwani ya nje, ile ambayo dunia nzima inaiona, inatolewa na kampuni ya intaneti, na wala haitolewi moja kwa moja, inaazimwa. Leo unayo hii, kesho umepewa nyingine, na iliyokuwa yako kapewa mtu wa Ngaramtoni. Na ukiwa ndani huwezi kuiona. Hakuna pa kuchungulia. Lazima programu itoke nje, ibishe hodi kwenye tovuti ya watu na kuuliza, jamani, mnaniona natokea wapi? Halafu irudi na jibu.

Toleo langu la kwanza liliniletea anwani ya ndani, nami nikatembea nayo kifua mbele siku nzima. Toleo la pili lilibisha hodi kwenye tovuti moja ya bure, na siku tovuti ile ilipoharibika nikatumiwa kwenye simu tangazo zima la dawa ya kupunguza tumbo, eti ndiyo anwani ya mama yangu. Toleo lililofuata nikalifunza adabu. Liulize tovuti tatu, likague kama lililoletwa ni anwani kweli au ni tumbo la mtu, na likubali tu zikikubaliana mbili. Anwani ikibadilika, linitumie ujumbe. Hilo halikukosea hata mara moja. Ninaamini kabisa lingegombea udiwani lingepita.

Nilihitaji kuijua anwani ile kwa sababu ya miche ya kahawa.

Kwetu ni Akheri, upande wa chini wa mlima, kwenye migomba iliyobanana kiasi kwamba kuku akipotea humo anarudi na wajukuu. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama amebaki kwenye nyumba ya zamani, na kaka yangu mkubwa amejenga hatua chache kutoka kwake, na ndiye anayelima kihamba chote, yaani shamba la ukoo. Kwenye ncha ya chini, kando ya mfereji wa maji, kulikuwa na kipande kilichokaa bure tangu kahawa ya baba ing'olewe. Mimi nilikiomba kipande hicho.

Sikuomba kwa sababu ya utajiri. Kahawa ya kipande kile isingetosha hata kumpa usingizi mlinzi mmoja wa benki. Niliomba kwa sababu mimi ni mtu wa kupanga chumba. Kila nilicho nacho kinaingia kwenye mabegi mawili na ndoo. Mtu wa kwetu asiye na kipande kihambani ni mgeni anayejua njia tu. Akifa, watu wanakaa kikao kuulizana wampeleke wapi. Nilitaka kikao hicho kisiwepo.

Basi ukoo ukakaa. Mshili, yaani mzee anayesimamia mambo ya ukoo wetu, alisikiliza kila upande. Kaka akasema mtu wa mjini hupanda kwa mdomo. Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu alikuwa amesema vizuri. Mwisho mshili akaamua: nipewe kiangazi kimoja. Nipande miche, na ikivuka mpaka masika, kipande ni changu mbele ya wote. Ikifa, kinabaki kwa kaka. Mama ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. Nakumbuka makofi yale, maana alipiga akiwa ameshika mwiko na vipande vya ugali vikaruka mpaka begani kwa mshili.

Kwetu maji ya mfereji yanakwenda kwa zamu, na kipande changu kikapewa Alhamisi mchana. Zamu ikifika, unaondoa kigogo cha mgomba kilichozibwa kwa tope upande wako, unakihamishia upande wa jirani, na maji yanaingia. Pampu kamati ya mfereji imezipiga marufuku, jambo lililonichekesha peke yangu kwa sababu kazi yangu ya mchana ni kuuza pampu. Nauza dukani kwa mzee mmoja wa Kisingasinga, mjini, ambaye familia yake iliuza vifaa vya maji kabla babu yangu hajavaa kiatu. Alhamisi mchana ndipo wakulima wanapofurika dukani. Nisingeweza kuondoka. Kaka akasema hilo si tatizo, yeye yuko palepale, atanifungulia maji.

Nami nikasema nitafunga kamera.

Si kwamba sikumwamini. Nilitaka kuona miche yangu ikinywa, kama mzazi anayetaka kuona mtoto akinyonya. Bosi alinipa kamera iliyokuwa imestaafu stoo, nikaifunga kwenye kona ya banda la ng'ombe ikiangalia mfereji na mwanzo wa kipande. Nikavuta waya mrefu chini ya migomba mpaka sebuleni kwa mama, kwenye kompyuta ndogo ya ukubwa wa kipande cha sabuni, na pembeni yake nikaweka ruta iliyounganishwa na kisahani cha juu ya bati. Programu yangu ikakaa humo, ikiuliza watu wa nje anwani na kunitumia. Mama akavifunika vyote kwa kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe, kama anavyofunika redio, televisheni na kila kitu anachokiheshimu.

Niliwakalisha yeye na kaka nikawafundisha. Unaona hizi taa za ruta? Zikiwaka, nawaona. Zikizimika, kamera imekufa, nipigieni. Kaka akaomba aangalie kwenye simu yangu kamera inaona mpaka wapi. Nikampa simu, akaiangalia kwa muda mrefu. Akaniita profesa, nami nikavimba kama andazi.

Kiangazi kikaingia. Kila siku, kati ya mteja na mteja, nilifungua simu nikatazama shamba. Mama aligundua haraka kwamba kamera inasikia pia, na akafanya mazoea ya kusimama mbele yake. Anarekebisha kitambaa cha kichwa, anakohoa, halafu anasema, "Mwanangu, hujambo? Umekula?" Anasubiri kidogo kama vile kamera itajibu, anatikisa kichwa kana kwamba imejibu, anaondoka. Nilimwonyesha bosi. Mzee akacheka mpaka akavua miwani, akasema yeye mama yake angeituma kamera imletee chai.

Alhamisi sasa. Alhamisi ilikuwa na balaa lake. Mchana, zamu inapokaribia, picha inakatika. Najaribu tena, hakuna. Baada ya muda mrefu simu inalia: anwani mpya. Naifungua, na shamba linarudi, udongo umelowa, miche inang'aa, na mama amesimama pale na mikono yenye maji. "Mwanangu, hujambo? Maji yameingia vizuri." Kaka naye ananitumia ujumbe: tumemwagilia, profesa.

Wiki iliyofuata, vilevile. Na iliyofuata. Mimi hasira zangu zote nilizipeleka kwa kampuni ya intaneti. Nikasema hawa Alhamisi ndiyo siku yao ya kufagia nyaya. Na wakati huohuo, nikiri tu, nilikuwa nafurahi, kwa sababu kila walipobadilisha anwani, programu yangu iliwanasa. Darasani nilijigamba kwamba kampuni nzima yenye mainjinia na magari imeshindwa kunipotea mimi muuza mabomba. Nilipofika mwisho wa hadithi kampuni ilikuwa imebadilisha anwani mara elfu na mkurugenzi amenipigia simu akilia. Wenzangu walipiga meza.

Nilijigamba mpaka nikaamua kuipigia kampuni yenyewe, nusu kulalamika na nusu kutamba. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya mtu aliyekwishasikia kila kitu. Nikamwuliza kwa nini wananibadilishia anwani kila Alhamisi, na nikamdokeza kwamba ninayo programu inayowaona. Akabonyezabonyeza upande wake.

"Kaka, sisi hatukubadilishii," akasema. "Kifaa chako ndicho kinazimwa. Kikiwashwa kinachukua anwani nyingine. Wiki nzima kiko hewani, halafu Alhamisi mchana kinazimwa. Huko kwenu mna mgao wa umeme?"

Nikasema labda. Nikamshukuru kwa upole mwingi kuliko ilivyohitajika.

Nikampigia mama. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilitaka tu kujua kuhusu umeme. Akajibu bila hata kupumua kwamba ndiyo, baba, umeme wa huku Alhamisi unakatika mno, wala hawatoi taarifa. Nikamwambia pole. Tukaongelea ng'ombe, tukaagana.

Ila kulikuwa na ile kompyuta ndogo. Ilichomekwa kwenye ekstensheni moja na ruta. Umeme ukikatika inakufa nayo, na ukirudi inaanza upya, na ukiiuliza imekaa macho tangu lini inakujibu ukweli, haina haya. Nikaiuliza. Ikanijibu kwamba iko macho tangu siku niliyoiwasha mwenyewe, mama akiwa amesimama nyuma yangu na kitambaa chake. Haikuwa imelala hata kwa kiasi cha kupiga chafya.

Kwa hiyo umeme haukukatika. Ruta peke yake ndiyo iliyochomolewa, na sebuleni kwa mama.

Nilimtetea mama kwa nguvu zote nilizo nazo. Kwanza nilimsingizia paka. Paka anapenda joto, amelala juu ya waya. Halafu nikasingizia soketi imelegea. Nikasingizia mama anafagia, anachomoa ili afagie vizuri, si anajua kupenda usafi. Nilimsingizia paka tena. Lakini hakuna paka duniani anayeijua Alhamisi.

Basi nikakumbuka kitu ambacho nilikiweka kwa ajili ya mwalimu tu. Kwenye zoezi la darasani alitaka kamera irekodi kwenye kadi ndani ya kompyuta yenyewe, hata intaneti ikiwa haipo. Niliweka ili nipate alama, nikasahau. Kamera haikutegemea ruta. Waya wake ulikwenda moja kwa moja kwenye ile sabuni. Taa zikizimika mimi ndiye niliyepofuka. Kamera iliendelea kutazama. Lakini niliwafundisha kwamba imekufa.

Mchana, saa ya chakula, niliingia stoo ya duka, nikakaa juu ya bunda la mabomba, nikavuta rekodi ya Alhamisi iliyopita.

Kaka anatokea na jembe begani. Anasimama, anaitazama kamera, hafanyi kitu. Anangoja. Kutoka upande wa nyumba inasikika sauti ya mama: "Imezima." Hapo kaka anaweka jembe chini, anakivuta kigogo, anaziba upande wangu kwa tope na kufungua upande wake. Maji yote ya zamu yangu yanageuka, yanakwenda kwenye parachichi zake. Nilisikia yanavyokwenda. Maji ya kwetu yana kelele sana.

Kisha mama anakuja na ndoo. Anachota mferejini, anamwagia mche wa kwanza, wa pili, taratibu, kwa mkono, kama anavyomwagia mchicha.

"Mwagia hapa mbele tu," kaka anamwambia. "Huko nyuma haoni."

"Na huu wa pembeni?"

"Hauonekani, mama. Nilishaangalia kwenye simu yake."

Mama anauruka ule wa pembeni. Wanamaliza, wanaongea habari za bei ya dawa ya ng'ombe, kaka anaondoka. Baadaye mama anatoweka kuelekea nyumbani, anarudi, anarekebisha kitambaa cha kichwa, anakohoa. "Mwanangu, hujambo? Maji yameingia vizuri." Hiyo salamu nilikwisha kuiona siku ileile, dukani, na nilimpigia kumshukuru.

Nikasema ni kaka. Kaka ana maneno, anaweza kumshawishi jogoo atage. Mama amelazimishwa tu. Kwa hiyo nikafungua Alhamisi ya nyuma yake, ambayo nilijua kaka alikuwa Momela kwenye msiba wa upande wa mkewe. Shamba liko kimya. Kwa muda hakuna mtu. Halafu mama anakuja peke yake. Anapandisha gauni, anaingia kwenye tope, anakishika kigogo cha mgomba ambacho hata mimi kinanitoa jasho, na anakivuta. Kinamshinda. Anapumzika, mikono kiunoni. Anakivuta tena mpaka kinaziba upande wangu. Hakukuwa na mtu wa kumlazimisha umbali wa kupiga kelele.

Bosi alinikuta stoo akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema mabomba yamenikalia vibaya. Akasema ni mimi niliyeyakalia. Nikacheka, maana ndivyo nilivyozoea.

Jumapili nikaenda. Nilikuwa sijakwenda kwa muda mrefu. Jumapili zote nilikuwa kwenye mazoezi ya mtihani, na kamera ilinifanya nijione kama niko kule kila siku. Kaka alikuwa bado kanisani na kwaya. Nilipita kwanza shambani. Mbele, karibu na mfereji, miche ilikuwa ya kijani, imetanuka, ya kutamanisha. Ilikaa kwa umbo la kipande cha tikiti maji, ncha ikiwa upande wa banda la ng'ombe, na nyuma ikipanuka mpaka pale macho ya kamera yalipoishia. Baada ya hapo kulikuwa na vijiti. Nilivunja kimoja na kikalia kama biskuti.

Mama alinipokea kwa vigelegele. Akanipakulia loshoro, ile ya ndizi na maziwa mgando, bakuli la kumtosha mchunga ng'ombe na ng'ombe wake. Akasema nimekonda, akasema mjini wananinyonya damu. Nilitaka kumpa nafasi. Nilijiambia, akisema mwenyewe, yataishia hapahapa jikoni, nitajenga kwingine siku nyingine nikiwa tajiri. Nikamwuliza umeme wa huku unaendeleaje.

"Unatutesa, baba," akasema. "Alhamisi hii umekatika tangu saa sita." Akaniongezea loshoro.

Alinitazama usoni aliposema. Hilo ndilo lililonishinda. Nilidhani mtu akikudanganya anatazama sufuria.

Niliondoka kabla kaka hajarudi, nikiwa na mkungu wa ndizi alionifunga mama kwa majani, na nilikaa na wazo moja tu: siku ya wazee, yeye atanyamaza. Kaka atasema anachosema, mimi nitapoteza, lakini mama atakaa kimya, nami nitajua kwamba kile kimya ni changu.

Mawingu yalipoanza kukaa mlimani bila kuondoka, mshili alikuja na wazee wengine kukagua. Niliomba ruhusa kazini. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja. Kwenye simu yangu, mfukoni, nilikuwa na rekodi zote mbili. Sikuwa nimeamua kuzitumia. Nilizibeba kama mtu anayebeba mwavuli.

Mshili akatembea na fimbo yake mpaka kwenye kipande. Akaangalia kijani, akaangalia vijiti, akarudi kwenye kijani.

"Hapa kumetokea nini?" akauliza.

Kaka akasema udongo wa nyuma una mawe. Mzee mwingine akasema labda mtu wa mjini alikuwa na maombi ya kutosha miche michache tu, na wazee wakacheka, nami nikacheka nao, kwa mdomo. Mshili hakucheka. Akamgeukia mama, akasema yeye ndiye aliyekuwa hapa kila siku, aseme: maji ya zamu ya kijana yalikuwa yanaingia?

"Yalikuwa yanaingia," mama akasema. "Kila Alhamisi. Lakini huyu alikuwa haji. Alikuwa anaitazama kwenye simu. Miche gani italelewa na simu?"

Wazee wakatikisa vichwa. Alisema vizuri mno. Hata mimi kama nisingekuwa mimi ningetikisa. Alikuwa na khanga yake ya kutokea, amesimama wima karibu na kaka, na hakuna hata neno moja lililomkwama.

Mshili akaniuliza kama nina la kusema.

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Kwetu mtu akiiba zamu ya maji, jina lake linatajwa mbele ya kamati nzima ya mfereji, na analipa kwa mnyama, na watoto wanaimba njiani. Wangetajwa wote wawili. Na ili watajwe, ilinibidi kwanza niwaite wale wazee wainamie simu yangu, wamtazame mama yangu amepandisha gauni kwenye tope akishindana na kigogo.

"Sina, baba," nikasema.

Kipande kikarudi kwa kaka. Ilichukua muda mfupi kuliko kununua vocha.

Wazee walipokwenda kunywa chai kwa kaka, nilimfuata mama jikoni. Nikaweka simu juu ya kinu, nikaiwasha. Nilimwonyesha ile ya peke yake. Akainama kutazama, macho yake yanataka umbali, akaisogeza, akaitazama mpaka mwisho bila kuniangalia.

"Kumbe nimepinda mgongo hivi," akasema.

Nikagusa kioo, ikaanza tena.

"Zima."

Nikazima. Akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi ambazo hakuna aliyekuwa anazihitaji. Akasema mimi nina mji, nina shule, nina yule Singasinga wangu anayenipenda. Kaka yangu ana mfereji tu. Kihamba kikigawanywa tena, watoto wake watalima kwenye sahani.

"Ungeniambia hapana," nikamwambia.

"Mtoto akiomba ardhi kwao, mama yake hamwambii hapana. Nilitaka jua likuambie."

"Na nikifa, mama? Mtanipeleka wapi?"

Alimenya ndizi moja nzima kabla hajajibu. "Si utakuwa na kwako huko," akasema.

Alisema kwa upole. Sidhani kama alikusudia kuniumiza. Nadhani alikuwa amekwisha kunipangia hivyo zamani, tangu siku aliyoniona nikipenda vitabu, na alidhani nami ninajua. Nilikuwa wa mwisho kupewa taarifa ya mahali ninapoishi.

Jioni ileile niling'oa kamera. Kaka alinisaidia kuufukua waya, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kwa haki, akinitania, akiniambia nisikate tamaa, nitalima kwenye makopo. Akaniuliza hili dude lilikuwa linaona mpaka wapi hasa. Nikamwambia lilikuwa linaona vizuri tu. Akanitazama kidogo, akaendelea kuzungusha waya kwenye kiwiko. Mama hajamwambia mpaka leo kwamba niliwaona, nadhani. Na mimi sijamwambia. Ile miche ya kijani kaka aliing'oa kabla mvua haijakolea.

Masomo nilimaliza, cheti ninacho, na nimepata kazi za kufunga kamera za watu wengine, nyingi kuliko ninavyoweza kufanya. Nafunga vizuri. Nawaambia wateja kila kitu kinavyofanya kazi, hata wasipouliza.

Msimu huu kaka alipanda maharage kwenye kile kipande. Mama alinitumia gunia dogo, mabichi, kwa dereva anayeleta maziwa mjini. Niliyachambua, nikayapika na nazi kidogo, na yalikuwa matamu kupita kiasi. Nilikasirika nikala sahani tatu. Kesho yake akapiga simu kuuliza kama yameiva haraka. Nikasema yameiva haraka. Akauliza kama nimegawia majirani. Nikasema nimegawia, na wanamsalimia.

Halafu akanyamaza. Nilijua anangoja nini. Mimi ndiye mtani wa nyumba ile tangu nina meno ya utotoni. Hata siku ya mazishi ya baba nilisema kitu kikamfanya acheke kwenye leso. Alikuwa anangoja nitanie, ili tujue kwamba yamepita. Nilisikia anavyopumua, na kuku nyuma yake. Nilitafuta kichekesho, haki ya nani, nilikitafuta kila kona ya kichwa changu, na sikukipata.